Ramani ya Hewa Nyembamba

Sehemu ya Tisa

Anti Vasie, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema aliniona.

Anasema ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Alikuwa dirishani anakaanga jira na majani ya mchuzi, akachungulia uwanja wa gereji yetu, akaniona nimekaa ndani ya Polo nyeupe ya Yogi, kompyuta mapajani, waya umeingia chini ya usukani. Anasema nilikuwa nacheka peke yangu. Anasema nilipomaliza nilipiga dashibodi makofi mawili, kama mtu anayempongeza ng'ombe. Na anasema alimwambia mumewe pale pale, "Yule msichana ana jambo."

Hayo aliyasema juu ya ukuta, kwa sauti iliyosikika nusu ya mtaa wetu wa Chatsworth, na hapo ndipo nilipowaacha wiki jana: mimi mgongo kwenye benchi, Yogi mbele yangu, mkono wake wa kushoto ndani ya plasta, wa kulia umeinua spana ya magurudumu juu ya kompyuta yangu.

"Sema, Prabashni," Yogi alisema. "Nani aliichora ramani ile? Sema kabla sijaishusha hii."

Uliyeingia leo, sogea nikupe kwa ufupi. Gari la turbo lina kompyuta yake ndani, na ndani ya kompyuta mna ramani, yaani maagizo: hewa kiasi gani, petroli kiasi gani, plagi itoe cheche lini. Ukiibadilisha vizuri, kigari cha kwendea sokoni kinakuwa chui. Ukiibadilisha vibaya, injini inajiua yenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu. Alhamisi niliichorea Polo ya Yogi ramani mpya. Jumapili, mbele ya watu elfu mbili, injini ilipasuka katikati ya mbio, mafuta yakamwagika chini ya matairi, na Yogi akaenda kukumbatia ukuta wa zege.

Chama cha madereva kinakaa leo saa kumi. Aliyechora ramani iliyoua injini anafungiwa. Hatagusa gari la mashindano tena, kuanzia Durban mpaka Maritzburg, na hakuna gereji itakayompa hata plagi aifute.

Mimi kazi nyingine siijui.

"Sikuichora mimi, dada Yogi," nilisema.

"Muongo!" Anti Vasie alidakia kutoka juu ya ukuta. Alikuwa amepanda kreti la soda ili aone vizuri. "Nimekuona kwa macho haya mawili!"

"Uliona uso wangu, Anti?"

"Uso wa nini? Nilikuona mgongo. Ovaroli ya bluu, kofia ya bluu. Nani mwingine anavaa hivyo?"

"Ovaroli yangu inaning'inia msumarini pale. Hata wewe ungeivaa."

"Mimi? Ingenitosha mguu mmoja! Usinitukane, we binti!"

Yogi hakucheka. Ni nesi wa wodi ya watoto, mwanamke mpole siku zote, na siku hiyo macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi. "Nilikuamini," aliniambia. "Watu walisema, unampaje gari msichana aliyeishia darasa la saba? Nikawaambia huyo ana masikio kuliko ninyi nyote. Nikaingia mle ndani nikafunga mkanda. Unajua nilisikia nini kabla haijapasuka?"

"Ilikuwa inagonga."

"Kama misumari ndani ya kopo! Kwa hiyo ulijua!"

Hapo ndipo Anko Sathia alipoingia kati yetu. Ni mdogo wa marehemu baba yangu na ndiye mwenye gereji. Alimshika Yogi bega lile zima, polepole, akasema, "Yogi, mwanangu, nipe dakika tano niongee naye. Dakika tano tu."

Akanivuta stoo. Akafunga mlango.

Ndani mlinukia mpira na grisi. Anko alikaa juu ya tairi, akajifuta jasho.

"Nani alikulea baba yako alipofariki?"

"Ni wewe, Anko."

"Nani alikukalisha mbele ya kompyuta, mtaa mzima ukinicheka?"

"Ni wewe."

"Basi leo nibebee hili. Toka nje useme ni wewe uliyechora. Umekosea. Kukosea ni kwa kila mtu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Niseme nini?"

"Wewe ni msichana, Prabs. Utaolewa, watu watasahau. Krib hawezi. Pale getini pameandikwa Sathia na Mwanawe. Akifungiwa Krib, nimefungiwa mimi."

Krib ni Kribashan, mtoto wake wa pekee. Wiki ile alikuwa Joburg siku tatu, akarudi Ijumaa na kofia mpya, viatu vyeupe na mdomo mrefu.

"Kwa hiyo ni Krib," nilisema.

"Sijasema hivyo."

"Anko, Jumamosi saa tisa mimi nilikuwa wapi?"

Akaanza kuitazama mikanda ya feni iliyotundikwa ukutani, mmoja mmoja, kama mtu anayeihesabu.

"Ulinituma mjini nikalete gasketi," nilisema. "Ukanipigia mara mbili nikiwa kwenye foleni kuuliza kama nimefika. Unajua sikuwepo."

"Najua."

"Basi toka uwaambie!"

"Najua hukuwepo," Anko alisema, na sauti yake ikashuka mpaka nikamsogelea. "Nilikutuma ili usiwepo."



"Krib alisema ramani yako ni ya mwalimu mkuu anayekwenda kanisani. Alisema tutachekwa Jumapili. Ana ramani ya Joburg, ina nguvu mara mbili. Nikamwambia aiweke haraka kabla hujarudi, maana nakujua wewe, ungebisha." Akanishika mkono. "Nisaidie, mwanangu."

Wapo watu ambao hasira zao ni za kupiga kelele. Yangu inapanda taratibu, inakaa nyuma ya meno, na mimi huiacha ikae. Nilitoa mkono wangu kwenye mkono wake. Nikafungua mlango.

"Dada Yogi," nilisema, "gari lako bado lina betri?"

"Lina betri. Injini ndiyo maiti."

"Naomba ufunguo."

Krib alikuwa ameshatokea ofisini, anatafuna mkate wa bani, ule unaotobolewa na kujazwa mchuzi wa maharage, mchuzi unamchuruzika kidoleni. Alisimama akitafuna. "Wa nini?"

"Nataka kusoma ramani iliyomo."

"Haisomeki. Kompyuta ya gari imeungua."

"Nani kakwambia imeungua? Umeijaribu?"

"Inaonekana tu! Gari limegonga ukuta!"

"Ukuta umegonga taa na bampa, kaka. Kichwa chake kipo salama chini ya kioo."

Yogi alimtazama Krib, akanitazama mimi. Akaweka spana benchini, akaingia kwenye Polo iliyobondeka pua kando ya benchi, akatia ufunguo mwenyewe kwa mkono wake mmoja. Dashibodi ikawaka taa zote, nyekundu na njano. Nikachomeka waya. Kusoma huchukua dakika nne.

Katika dakika hizo nne Yogi alitoa plagi mfukoni akaniwekea kiganjani. Alikuwa ameitoa kwenye injini yeye mwenyewe. Kaure yake ilikuwa nyeupe kama chaki, na juu yake vijipunje vidogo vinavyong'aa.

"Hizi punje ni nini?" aliuliza.

"Pistoni yako. Iliyeyuka ikarukia huko."

Yogi alifumba macho.

Kompyuta ikalia. Nikafungua. Kila ramani inapoingizwa, mashine huandika saa na jina la aliyeingiza. Nilijua nitaona jina la Krib pale. Nilikuwa na uhakika hata nikaigeuza skrini ili wote waone kabla sijasoma mwenyewe.

Jumamosi. Saa tisa na dakika kumi na mbili. PRABS.

"Hee!" Krib alicheka mpaka akamwaga maharage. "Jina la nani hilo? Wasomee, wewe mwenye masikio! Wasomee!"

"Si nilisema!" Anti Vasie akapiga ukuta kwa kiganja. "Si nilisema!"

Nilikuwa sijafungua mdomo Yogi aliponyakua spana na kuishusha.

Ilipita sentimita mbili pembeni ya kompyuta ikatua juu ya benchi. Ikatua juu ya kisikilizio changu. Nilikitengeneza mwenyewe: kipande cha bomba la shaba kinachobanwa kwenye ubavu wa injini, mpira mrefu, na viziba masikio vya mtu wa kukata miti. Kwa kile nilikuwa naisikia injini ikianza kugonga kabla mashine yoyote haijajua. Miaka sita. Bomba likalala bapa kama ulimi.

"Ningekufa," Yogi alisema. "Nina watoto wawili, Prabashni. Ningekufa pale."

Krib akajipangusa kidole kwenye suruali.

Sikulia. Kulia kungewafurahisha. Jina langu kwenye mashine lilikuwa jambo jepesi kueleza, maana neno langu la siri nililiandika kwa kalamu ya rangi nyuma ya kompyuta, na Krib anajua kusoma. Lakini nani angeniamini saa ile? Nikavuta kiti. Nikakaa. Nikaanza kuzitazama namba za ramani, mstari kwa mstari, bila haraka, mpaka wote wakaanza kuchoka kunitazama.

Halafu nikacheka.

"Unacheka nini?" Krib aliuliza.

"Hii ramani. Aliyeichora ni mjinga."

"Si umeichora wewe?"

"Sawa, basi ni mjinga mimi. Lakini angalia hapa, dada Yogi. Huyu mtu hajui turbo. Pengine aliiona kwenye kalenda. Hata fundi baiskeli angeona aibu."

"Wewe unajua nini?" Krib alisema. Alikuwa amesogea.

"Najua uchafu nikiuona. Hii imechorwa kibandani, na mtu anayebahatisha. Tazama hizi namba za cheche. Ni mlevi huyu, au mtoto."

"Prabs, chunga mdomo."

"Kwani wewe inakuuma nini, kaka? Mimi najisema mwenyewe." Nikamgeukia Yogi. "Ndiyo maana ilipasuka. Ramani ya kibandani, ya mtu asiye na jina, ambaye hajawahi..."

"Kibandani!" Krib alipasuka. "Hiyo imetoka Boksburg, pale pale Joburg! Imechorwa na fundi ambaye wewe hufai hata kumshikia tochi! Gari arobaini zinatembea nayo Joburg, arobaini, na hakuna hata moja iliyokohoa! Nimezipanda mimi mwenyewe! Wewe na kilowati zako mia na sabini za kubebea mboga, unaita..."

Akaziba mdomo kwa kiganja.

Kule nyuma feni ya ofisi ilikuwa inazunguka. Tuliisikia wote.

"Endelea," Yogi alisema polepole. "Umetoka nayo Boksburg. Endelea."

Krib alimtazama baba yake. Anko alitazama sakafu.

"Arobaini zinatembea Joburg," nilisema mimi. "Naamini. Ni ramani nzuri kabisa, kaka, kule. Joburg iko juu, hewa ni nyembamba. Fundi wa kule anailazimisha turbo izunguke kama imepagawa ili injini ipate pumzi ya kutosha. Wewe umeichukua vilevile, hukubadili hata namba moja, ukaishusha huku chini kando ya bahari kwenye hewa nzito kama uji. Turbo ikazunguka vilevile. Injini ikashindiliwa hewa isiyoiweza, petroli haikutosha, moto ukawaka kabla ya wakati wake. Na hapa," nikagusa skrini, "kuna ulinzi ambao ungeizima kabla haijajiua. Umezimwa. Mimi huwa siuzimi. Muulize mteja yeyote."

"Uliuzima wewe?" Yogi alimuuliza Krib.

"Kila mtu anauzima! Ukiuacha gari linajizuia, huwezi kupata nguvu..."

Yogi alimpiga kofi. Lilitoka mbali, likafika vizuri, na kofia mpya ya Joburg ikaruka ikaanguka kwenye beseni la mafuta machafu.

"Aiyo!" Anti Vasie akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeshuka kwenye kreti bila kutaka kuonekana, "Mimi nilisema ovaroli tu. Nilisema mgongo. Sikusema uso, mtaniwia radhi, nina sufuria jikoni."

"Anti, baki hapo hapo!" Yogi alifoka. "Ulisema kwa sauti, na kuondoka utaondoka kwa sauti." Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi sikutaka kuutazama kwa sababu bomba langu lilikuwa bado limelala pale benchini. "Prabashni, mimi..."

Simu yake ikalia kabla hajamaliza. Ya Krib ikalia. Yangu ikalia mfukoni. Zote kwa mpigo, mlio mmoja. Ni kundi la chama.

Mwenyekiti alikuwa ameandika: *Tumesikia sauti ya Sathia aliyotutumia saa nane. Tumeijadili. Neno la mwenye gereji linatosha. Saa kumi kamili tunafunga jalada na kutangaza jina.*

"Sauti gani?" nikauliza.

Yogi alirudi nyuma kwenye kundi, akaitafuta, akaibonyeza. Sauti ya Anko ikatoka, ile ile inayoniita mezani kula, inasema taratibu na kwa huzuni:

"Ndugu zangu, ni Sathia hapa. Nimeumia sana. Aliyechora ramani ya gari la Yogi ni mtoto wa marehemu kaka yangu, Prabashni. Alifanya bila mimi kujua. Nimeshamwondoa. Naomba radhi kwa familia."

Saa nane. Na stoo alinivuta saa tisa na nusu. Alipokuwa ananishika mkono akiniita mwanangu, akiniomba nimbebee, alikuwa ameshanibebesha. Watu mia tatu na kumi na wawili walishaisikiliza.

"Mzee," Yogi alisema, "wewe ni mtu wa namna gani?"

"Nitawaeleza," Anko alisema haraka. "Nitawaeleza kesho, mambo yakitulia."

"Kesho wamefunga jalada!" Yogi alikuwa ameshaanza kuandika kwa dole gumba moja. "Ninaandika sasa hivi. Nawaambia ni Krib."

Majibu yalikuja kama mvua ya mawe. *Pole dada, una maumivu. Umemwonea huruma msichana. Sheria ni neno la mwenye gereji.* Na mwenyekiti mwenyewe: *Sathia akisema tofauti tutamsikiliza. Mwingine hapana.*

Ndivyo walivyojiwekea wenyewe tangu zamani, kwa sababu madereva hugombana na mafundi kila Jumapili, na bila sheria hiyo wasingemaliza kesi hata moja. Mwenye gereji akisema, imekwisha.

Nilitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika tatu.

Krib alikuwa ameokota kofia yake, inadondosha mafuta. "Baba," alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Baba, usiseme."

Nilitoa simu yangu. Nikafungua kundi. Nikabonyeza pale pa kurekodi, na kidole sikukitoa. Nikatembea mpaka mbele ya Anko Sathia na kuinyoosha simu karibu na midomo yake. 

"Sikuombi unitetee," nilimwambia. "Sikuombi umtaje Krib. Umeniuliza nani alinilea, na nimekujibu mara mbili. Sasa na mimi naomba moja, na watu mia tatu wanasubiri kusikia. Sema Jumamosi saa tisa nilikuwa wapi. Basi."

Sekunde tano zikapita kwenye skrini. Sita.

Anti Vasie aliacha kupumua juu ya ukuta. Yogi alishika plasta yake kwa mkono mzima.

Kumi na moja. Kumi na mbili.

"Anko," nilisema. "Ni neno moja. Mjini."

Alinitazama. Akamtazama mwanawe. Akalamba midomo.

Ishirini.

"Anko, nakuomba."

Namba zilikuwa zinaendelea kupanda, na kwenye simu ile hamkuwa na sauti ila feni ya ofisi inayozunguka.